Risasi Huchaguliwa kwa Siku Mbaya

Mhadhara kwa askari wanyamapori, wawindaji wenye leseni na wanafunzi wa uhifadhi



Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Leo nimekuja kumtetea mchaguzi. Jembe baya litakuchosha mgongo, basi; shamba halitageuka likufuate. Nyati wa kilo mia saba akipigwa kwa risasi isiyomfaa hugeuka, na mara nyingi anayelipa si yule aliyefyatua. Hulipa mfuata nyayo aliyetangulia mbele akiwa na fimbo tu mkononi. Hulipa mama wa kijiji cha jirani atakayekutana na mnyama huyo kesho yake, njiani kwenda kisimani. Hulipa na mnyama mwenyewe, anayekwenda kufa taratibu kichakani huku leseni imeshatumika na nyama imekuwa ya fisi.

Najua wengi wenu hamtawinda kwa starehe. Kenya ilifunga uwindaji wa wanyama mwaka 1977 na haijaufungua. Tanzania iliufunga mwaka 1973 ikaufungua tena 1978, na leo uwindaji wa kitalii unaendeshwa katika vitalu chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Lakini pande zote mbili za mpaka yupo mtu anayegongewa mlango saa nane za usiku kwa sababu tembo wameingia kwenye mahindi, au nyati amemjeruhi mchungaji. Mtu huyo hachagui mnyama, hachagui mwanga, wala hachagui umbali. Kilichobaki mikononi mwake ni risasi, nayo ameshaichagua kabla mlango haujagongwa.

Hoja yangu ni moja. Risasi haichaguliwi kwa ajili ya siku ambayo mnyama amesimama ubavu, upepo mzuri, mkono umetulia. Siku hiyo karibu risasi yoyote ya kaliba ya kutosha itafanya kazi. Risasi huchaguliwa kwa siku mbaya: mnyama amekupa kisogo, jasho limeingia machoni, mfupa mnene umekaa njiani, na kati yenu ni hatua kumi na tano. Yote nitakayosema asubuhi hii yanatokana na hilo.

Kutoka bunduki za kushindilia hadi Karamoja

Tukubaliane kwanza kuhusu sehemu za risasi. Kuna ganda la shaba, fataki kitakoni mwake, baruti ndani, na kichwa mbele. Kinachomfikia mnyama ni kichwa peke yake. Vingine vyote hubaki kwako. Kwa hiyo nikisema kichwa, nazungumzia kipande kile kinachosafiri.

Frederick Courteney Selous, ambaye jina lake lilipewa pori letu kubwa la akiba na ambaye alipigwa risasi akafa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, alianza kuwinda tembo kusini mwa Afrika miaka ya 1870. Silaha zake za mwanzo zilikuwa bunduki za kushindilia za kaliba nne, kwa maana kwamba mipira minne ya mtutu ule hufanya ratili moja. Kila mpira ulikuwa na uzito wa takriban gramu 113. Baruti ilikuwa nyeusi na aliichota kwa kiganja. Selous mwenyewe alikiri baadaye kwamba teke la bunduki zile lilimharibia utulivu wa kulenga, na kwamba madhara yake yalimfuata kwa miaka mingi.

Kwa nini watu walivumilia mateso hayo? Kwa sababu baruti nyeusi haiwezi kusukuma kichwa kwa kasi kubwa. Ukikosa kasi, njia iliyobaki ya kupenya mwili wa tembo ni uzito. Mambo yaligeuka mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyotoa moshi. Miaka kumi na minne baadaye, 1898, kampuni ya Rigby ya London ilileta .450 Nitro Express, yenye kichwa cha gramu 31 kinachotoka mtutuni kwa mita zipatazo 650 kwa sekunde. Kichwa kikapungua uzito hadi karibu robo ya mpira wa Selous, na bado kikapenya vizuri zaidi.

Kisha akaja mtu aliyeipeleka hesabu hiyo hadi ukingoni. Mskoti Walter Bell aliwinda Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, hata akapewa jina la Karamojo Bell. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa .275 ya Rigby, ambayo ni 7x57 ya Mauser iliyobadilishwa jina tu. Kichwa chake kilikuwa na gramu 11. Sisimulii haya kumsifu mtu kwa kumaliza tembo kwa ajili ya pembe. Nayasimulia kwa sababu kila mwaka hutokea kijana anayeniuliza: ikiwa Bell aliweza kwa milimita saba, kwa nini mnatubebesha kaliba za .375 na .458?

Jibu lina sehemu mbili, na zote ni muhimu.

Sehemu ya kwanza ni kwamba Bell hakuwa mwenda wazimu. Kichwa alichokitumia kilikuwa kirefu, chembamba, kimevikwa koti gumu, na hakikutanuka wala kuvunjika. Wataalamu wana kipimo chao: hugawa uzito wa kichwa, kwa ratili, kwa mraba wa kipenyo chake, kwa inchi, wakapata namba inayoonyesha uzito mkubwa kiasi gani umesimama nyuma ya tundu dogo kiasi gani. Kwa kichwa cha Bell namba hiyo ni takriban 0.306. Kwa kichwa cha kawaida cha .375 ni takriban 0.305. Kwa maneno mengine, katika suala la kupenya, bunduki yake ndogo haikuwa ndogo. Zaidi ya hapo, alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi ukiutazama kutoka kila upande. Aliacha kutumia risasi alizoona zinazimika, akazishika zile za Kijerumani kwa sababu zililipuka kila alipovuta.

Sehemu ya pili ndiyo vijana huiruka. Bell alichagua tembo wake. Kama mnyama hakukaa vizuri, alingoja au aliondoka zake, kwani walikuwapo wengine. Kichwa chembamba kikikosa ubongo kwa upana wa kiganja hakimyumbishi tembo hata kidogo. Kichwa kipana na kizito kikikosa kwa upana uleule mara nyingi humtikisa au humwangusha kwa muda, ukapata nafasi ya kufyatua tena. Tena vitabu tunavyovisoma viliandikwa na waliorudi nyumbani. Sheria inayoweka kaliba ya chini kwa wanyama hatari haikuandikwa kwa ajili ya Bell. Iliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye ujuzi wa wastani, katika siku asiyoichagua.

Nguvu ya kwenye karatasi na njia ya ndani ya mwili

Ukifungua sanduku la risasi utakuta jedwali la kasi na nguvu. Watu wengi hununua kwa jedwali hilo, na hapo ndipo makosa huanzia.

Chukua .375 ya Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912. Kichwa chake cha gramu 19.4 hutoka kwa mita 770 hivi kwa sekunde, na nguvu yake mtutuni ni takriban jouli 5,700. Sasa chukua .300 Weatherby ya Marekani, kaliba ya kasi ya miaka ya 1940. Kichwa cha gramu 11.7 hutoka kwa mita 970 hivi kwa sekunde, jouli zikawa karibu 5,500. Kwenye karatasi hizi ni ndugu. Kwenye bega la nyati si ndugu hata kidogo. Nguvu ya ile ya pili imetokana na kasi, na kasi kubwa ndiyo inayokivunja kichwa chepesi kinapokutana na mfupa. Kikivunjika, vipande hubaki kwenye nyama ya bega, na mapafu hayaguswi.

Zimbabwe waliliona hilo walipoandika kanuni zao. Kwa tembo, nyati na kiboko hawakutosheka kudai jouli 5,300. Waliongeza na sharti la kipenyo kisichopungua milimita 9.2. Ile .300 ya kasi inavuka mstari wa jouli lakini inakwama kwenye kipenyo. Nchi nyingine nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji zimekwenda njia fupi, zikasema .375 ndiyo ya chini kwa wanyama hatari. Maneno yametofautiana, lakini nia ni ileile: mtu asijifiche nyuma ya kasi.

Kwa hiyo ukishika risasi mkononi, maswali ya kuuliza ni matatu. Kichwa hiki kitakwenda urefu gani ndani ya mwili? Kitafika kikiwa na umbo gani na uzito gani? Na kitakwenda moja kwa moja au kitapinda? Mlio na kasi vije baadaye.

Wanyama wanne, risasi tofauti

Kosa jingine ni kudhani kwamba uzito wa mnyama peke yake ndio unaoamua. Tuwaangalie wanne.

Pofu dume anaweza kufikia kilo 900, akawapita nyati wengi tu. Lakini pofu ana ngozi na mifupa inayopitika kwa urahisi zaidi, tabia yake ni kukimbia, na akipigwa vizuri mapafuni hasimami kupambana. Kichwa imara kinachotanuka, hata cha kaliba iliyo chini ya .375, humtosha ukilenga sawasawa.

Nyati dume ana kilo 600 hadi 800 hivi, na mwili umejengwa kwa namna nyingine. Mbavu zake ni pana, misuli ya bega ni minene, shingo imejaa. Moyo umekaa chini kuliko wengi wanavyodhani, katika theluthi ya chini ya kifua, kati ya miguu ya mbele. Anayelenga katikati ya mwili kwa mazoea ya kupiga swala hupiga juu mno au nyuma mno, akaingia tumboni. Na tumbo la nyati limejaa majani mabichi yaliyolowa, na uwezo wake wa kusimamisha kichwa cha risasi ni mkubwa kuliko wa mfupa. Kichwa laini kilichoingilia ubavuni kwa nyuma hufia humo, hakifiki kifuani.

Simba dume ana kilo 190 hivi. Sheria nyingi zimemweka kundi moja na nyati kwa sababu ni hatari, lakini mwili wake hauna ugumu huo hata kidogo. Kanuni za Zimbabwe zinamhesabia jouli 4,300 na kipenyo cha milimita saba, kwa kutambua kwamba tatizo la simba si kupenya. Ukimpiga simba kwa kichwa kigumu kisichotanuka, kitapita kama hakikukuta kitu, kikaacha tundu jembamba, naye atakufikia akiwa na nguvu zake zote. Simba anataka kichwa kinachotanuka upesi. Anayebeba .375 kwa simba abebe laini.

Tembo dume anaweza kuwa na tani sita. Fuvu lake kwa nje linaonekana jabali, lakini ndani limejaa vyumba vya hewa vilivyotenganishwa na kuta nyembamba za mfupa, na ubongo wa kilo nne hadi tano umejificha nyuma kabisa, chini. Kichwa lazima kisafiri zaidi ya nusu mita kupitia mfupa huo bila kupinda. Hapa hakuna mjadala: ni kigumu tupu, laini haina kazi. Laini ikigonga fuvu la tembo hutanuka kwenye vyumba vya mwanzo na kuishia hapo, ikamwacha mnyama mwenye maumivu makali na akili timamu.

Wanyama wanne, na wawili kati yao wanadai vitu vilivyo kinyume kabisa, ingawa bunduki inaweza kuwa ileile. Ndiyo maana nasema kaliba ni nusu ya jibu, na ni nusu iliyo rahisi.

Laini na gumu

Kichwa laini kina koti la shaba lenye madini ya risasi ndani, na ncha yake imeachwa wazi. Kikigonga nyama, ncha hubonyea na kufunguka kama mwavuli. Kikifunguka hadi kipenyo maradufu, uso wake unaosukuma nyama unakuwa mara nne. Jeraha linapanuka na safari inafupika. Mbunifu wa risasi kazi yake yote ni kupanga biashara kati ya upana na urefu.

Ni kichwa cha namna hiihii ambacho Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikipiga marufuku vitani, baada ya risasi zilizotengenezwa Dum Dum, karibu na Calcutta. Wanafunzi hushangaa: inakuwaje kilicho haramu kwa askari kiwe cha lazima kwa mwindaji? Shabaha ndiyo inayotofautiana. Vitani inatosha adui aondoke kwenye mapambano, apone siku moja arudi kwao. Porini, mnyama anayeondoka na jeraha ndiye hasara tunayoikimbia.

Tatizo la laini za zamani lilikuwa kuvunjika. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa British Columbia akiwinda kulungu mkubwa wa nchi za baridi, vichwa vyake vikasambaratika juu ya ngozi iliyoganda matope na bega lenye misuli. Alirudi kwenye karakana yake akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele ifunguke, nusu ya nyuma ibaki nzima na kuendelea na safari. Kampuni aliyoianzisha 1948 ilijengwa juu ya wazo hilo. Baadaye wakaja waliogandisha madini ya ndani kwenye koti ili yasitengane, na mwaka 1989 kampuni ya Barnes ikauza kichwa cha shaba tupu chenye shimo nchani, kinachofunguka petali nne bila kupoteza uzito wake. Kwa nyati, mojawapo ya vichwa hivi imara ndiyo laini ninayoipendekeza. Laini ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama wepesi iacheni dukani.

Kichwa kigumu hakifunguki. Vya zamani vilikuwa na koti la chuma juu ya madini ya risasi na ncha ya mviringo. Vya sasa huchongwa kwenye mashine kutoka shaba tupu, na vingi vina ncha iliyokatwa bapa. Ubapa huo si urembo. Umethibitika kukifanya kichwa kishike njia iliyonyooka ndani ya mwili, wakati vile vya ncha ya mviringo mara nyingine hupinda na kubiringika.

Sasa, kwa nyati, utaratibu uliozoeleka vitaluni ni laini kwanza, gumu baadaye. Watu husema hivyo bila kueleza sababu. Nyati hukaa kundini. Kichwa kigumu kikimpita dume uliyemlenga kinaweza kumjeruhi jike aliyesimama nyuma yake, ambaye hukumwona na hutamfuatilia. Laini hubaki ndani ya mnyama mmoja, ikampasua mapafu. Lakini baada ya risasi ya kwanza kundi linatimka, na dume wako anakuonyesha makalio. Sasa unahitaji kichwa kitakachoingia nyuma, kivuke tumbo lile la majani mabichi, kifike kifuani. Hiyo ni kazi ya kigumu. Kwa hiyo ghala la bunduki hupangwa kwa kufuata mambo yatakayotokea: laini chemba, magumu chini yake.

Askari aliyeitwa kwa nyati majeruhi aliyejificha kichakani hana haja ya laini ya kwanza. Hakuna kundi, na mnyama atakuja uso kwa uso. Ajaze magumu yote.

Joto, kutu na ganda lililokwama

Risasi nzuri kwa maumbile inaweza kukuangusha kwa sababu ya utunzaji. Waingereza waliotengeneza kaliba za Nitro kwa ajili ya India na Afrika walijua kwamba baruti hupandisha shinikizo lake kwenye joto. Wakatengeneza maganda makubwa yenye nafasi ya kutosha ndani, ili shinikizo libaki chini hata jua likiwaka. Ndiyo sababu ganda la .416 Rigby ya mwaka 1911 ni nene vile. Shinikizo likizidi, ganda hung'ang'ania chemba na halitoki unapovuta komeo. Mbele ya tembo, ganda lililokwama ni sawa na kutokuwa na bunduki.

Kaliba .458 Winchester, iliyotoka mwaka 1956 na kupokelewa na idara nyingi za wanyamapori barani, ilikuwa na shida ya upande wa pili. Ganda lake ni fupi, na baruti ilibidi kushindiliwa sana ili itoshe. Katika risasi za zamani zilizokaa ghalani, baruti hiyo iliganda bonge, ikaungua nusunusu, na kichwa kikatoka kwa kasi pungufu. Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, ndiye baadaye aliyebuni .458 Lott, yenye ganda refu zaidi, ili baruti ipate nafasi. Risasi za kisasa za .458 zimerekebishwa, lakini ukikabidhiwa sanduku ambalo maandishi yake yamefutika, lipeleke uwanja wa shabaha kwanza, si porini.

Niwaonyeshe jinsi ya kukagua. Mwaga risasi zako kwenye kitambaa cheupe, penye mwanga. Shika moja moja. Zungusha polepole ukitazama shingo ya ganda: mbonyeo mdogo hapo utakwamisha risasi chemba. Tazama pale ganda lilipogusa mkanda wa ngozi. Ngozi na shaba huzaa ukungu wa kijani unaonata, na ukungu huo hutafuna shaba na kugandisha ganda. Ufute mpaka kidole kipite bila kukwama, na risasi uzihamishie kwenye mkanda wa turubai. Tazama fataki: isitokeze nje ya kitako hata kwa unene wa ukucha. Tazama ncha ya laini. Zile zilizopanda na kushuka kwenye ghala la bunduki mara nyingi huwa zimebonyea kwa teke, na kichwa chake huweza kuwa kimezama ndani ya ganda. Hizo ziwe za mazoezi. Mwisho, ukiwa uwanja salama na mtutu ukielekea kwenye tuta, pitisha kila moja kutoka ghala hadi chemba na kuitoa. Isiyoingia kwa ulaini leo haitaingia kesho mkono ukitetemeka. Na baada ya hapo, usiziache kwenye dashibodi ya gari saa saba mchana.

Wenye bunduki za mitutu miwili wana sharti la ziada. Mafundi huiunganisha ile mitutu miwili kwa kuijaribu na risasi ya uzito fulani na kasi fulani, mpaka yote ipige mahali pamoja. Ukibadilisha risasi, mtutu wa kulia unakwenda kwake na wa kushoto unakwenda kwake. Pia vichwa vigumu vya kisasa vya shaba tupu vinaweza kuwa vigumu mno kwa mitutu myembamba ya kale. Bunduki ya urithi ipelekwe kwa fundi kabla ya kulishwa risasi mpya.

Anayekula nyama naye yumo

Nyama ya mnyama aliyewindwa huliwa. Sehemu kubwa hufika kijijini, na matumbo hubaki kwa ndege. Laini ya madini ya risasi ikipasuka huacha chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, umbali wa zaidi ya kiganja kutoka kwenye jeraha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi. Tumbusi mgongo mweupe, ambaye tangu 2015 yuko katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, hula mabaki hayohayo. Jimbo la California lilimaliza suala hili kwa sheria: tangu tarehe 1 Julai 2019 uwindaji wote huko ni kwa risasi zisizo na madini hayo.

Hatuhitaji kungoja sheria. Kichwa cha shaba tupu kwa wanyama wakubwa tayari kipo, kinapenya vizuri kuliko laini nyingi, na kwa tembo tayari ndicho tunachokitumia. Anayeendelea na madini ya risasi akate na kuzika nyama yote iliyozunguka jeraha, asiwagawie watu.

Bunduki inayoogopwa na mwenyewe

Nimefika mwisho, nako kuna jambo ambalo katika bajeti huwekwa mwisho. Selous hakushindwa na tembo. Alikaribia kushindwa na teke la bunduki yake. Mtu anayeogopa bega lake litaumia hufumba macho kabla ya kuvuta, na kichwa hupanda juu au kwenda pembeni. Askari anayepiga .375 kwa utulivu ni bora kuliko anayepiga .458 kwa hofu, na nyati hana namna ya kujua tofauti ya kaliba zao. Hofu ya teke haiondoki kwa maneno ya ushujaa. Huondoka kwa kupiga: kwanza kwa bunduki ndogo, kisha kwa kubwa, risasi chache kila mara, ukisimama wima kama utakavyosimama porini, kutoka mita hamsini hadi kumi na tano. Piga laini na gumu zote mbili, kwa sababu mara nyingi haziangukii mahali pamoja, na ni lazima ujue zimeachana kiasi gani.

Nimeona vituo vyenye bunduki nzuri kabatini na risasi zilizohesabiwa kwa mikono miwili, zote zimewekewa akiba kwa ajili ya dharura. Askari anaitwa usiku na mara ya mwisho kufyatua ilikuwa mafunzoni. Tukimpeleka hivyo, uchaguzi wote niliouzungumzia tangu asubuhi hauna maana, kwa kuwa risasi bora mikononi mwa mtu asiyeizoea itakwenda popote. Wale mnaosaini maombi ya ununuzi, ombi langu kwenu ni hili: kila mtakapoidhinisha risasi moja ya kazi, idhinisheni kadhaa za mazoezi kwenye karatasi hiyohiyo, na msikubali zifutwe bajeti ikibana. Bei yake ni ndogo kuliko ya matibabu ya mfuata nyayo mmoja.